Mionzi ya Mawe ya Pwani Ionekanavyo Kutoka Angani

Hotuba kwa wakaazi, walimu na wanafunzi, Mombasa

Assalamu alaikum, hamjambo nyote. Wazee wangu, kina mama, walimu, na nyinyi wanafunzi mliosimama kule mlangoni, sogeeni, huku mbele kuna nafasi.

Nimeombwa nizungumze juu ya ndege. Si zile kubwa zinazoshusha watalii. Ni ile ndogo inayopita chini, inakwenda magharibi, inageuka, inarudi mashariki mita mia chache kando ya ilikopita mwanzo, kutwa nzima. Ikishapita, mitaani huzuka hadithi mbili. Moja husema imemwaga mionzi. Nyingine husema imeona mali na wakubwa wanaificha. Ile ya kwanza tuimalize sasa hivi: ndege haimwagi kitu. Yapokea tu miali ya mionzi ya mawe, ipate kuchorwa ramani yake. Miali yatoka chini, kwenye ardhi ile ile tunayolima na kujengea, na imekuwa ikitoka tangu hakujakuwa na mtu wa kuiogopa. Ile ya pili ina ukweli nusu, nayo ndiyo itakayotukalisha hapa.

Kwanza tuelewane. Ukila ndizi, ukanywa dafu, ukala muhogo kwa samaki, waingiza potasiamu mwilini, na bila hiyo huishi. Katika kila atomi 10,000 za potasiamu, moja na ushei ni za aina iitwayo potasiamu-40, ambazo hazikutulia. Hugeuka kuwa kitu kingine, na zikigeuka hutoa mionzi. Mtu mzima wa kilo 70 ana karibu gramu 140 za potasiamu, na ndani yake atomi zaidi ya 4,000 hugeuka kila sekunde. Kwa hivyo ukumbi huu wote watoa mionzi, sheikh na mwanafunzi sawasawa. Nalisema mapema ili tusiende mbele na hofu isiyo na mahali.

Mawe nayo ni hivyo hivyo. Chukua tani moja ya mwamba wa kawaida wa nchi kavu: utapata kilo 20 hivi za potasiamu, gramu 10 hivi za thoriamu, na gramu 2 au 3 za uraniamu. Vitu hivi vitatu ndivyo vinavyobeba karibu mionzi yote ya asili itokayo ardhini. Vimedumu kwa sababu vyaisha polepole mno. Potasiamu-40 hupungua nusu kila baada ya miaka bilioni 1.25. Uraniamu-238 yahitaji miaka bilioni 4.5, karibu umri wa dunia yenyewe. Thoriamu ndiyo haina haraka kabisa: miaka bilioni 14.

Wazo la kupima mionzi kutoka juu ni la zamani, na jibu la kwanza lilikwenda kinyume na mategemeo. Mwaka 1910 padri mmoja mwanafizikia, Theodor Wulf, alipanda na kipimo chake mnara wa Eiffel kule Paris. Hoja yake ilikuwa nyepesi: kama mionzi yatoka ardhini, juu itapungua. Ilipungua, lakini kidogo kuliko alivyotarajia. Agosti 1912 mwanafizikia wa Austria, Victor Hess, akapanda kwa puto mpaka mita 5,300, akakuta huko mionzi ni mara kadhaa ya ile ya chini. Alikuwa amegundua miali itokayo anga za mbali, na mwaka 1936 akapewa tuzo ya Nobel. Sisi wapima mawe twamheshimu sana Hess, ila miali yake kwetu ni taka. Kila siku ya kazi lazima tuihesabu ili tuitoe.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mataifa yaliingia mbio ya kutafuta uraniamu, na vipimo vikapandishwa kwenye ndege. Vile vya mwanzo vilihesabu tu: miali mingi, miali michache, basi. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Kanada ikiwa mstari wa mbele, kazi ikageuka. Badala ya kuuliza miali ni mingapi, wakaanza kuuliza kila mwali una nguvu gani. Hapo ndipo ramani za leo zilipozaliwa.

Kila kimoja cha vitu vyetu vitatu, chenyewe au kizazi chake, kinapogeuka hutoa mwali wa gama, aina ya mionzi ipenyayo sana, wenye nguvu yake maalumu. Potasiamu-40 hutoa wa kilo-elektronivolti 1,460, hicho ndicho kipimo cha nguvu ya mwali. Katika ukoo wa uraniamu, yaani mlolongo wa vitu vinavyozaliwa kimoja na kingine, mjukuu wake mmoja aitwaye bismuthi-214 hutoa wa 1,765. Katika ukoo wa thoriamu, thaliamu-208 hutoa wa 2,615. Mpenzi wa taarabu akisikia bendi inapiga kwa pamoja, sikio lake latenga udi, fidla na ganuni bila kumwona mpigaji. Chombo chetu chafanya kazi hiyo kwa miali. Lakini si kazi safi. Mwali wa thoriamu ukigonga mchanga njiani hupoteza sehemu ya nguvu, ukafika juu ukijifanya wa uraniamu au wa potasiamu. Kwa hivyo kabla ya msimu wa kuruka, ndege huegeshwa juu ya sakafu maalumu za zege zilizotiwa kiasi kinachojulikana cha kila kimoja, tukapima ni sehemu gani ya thoriamu inayovujia kwenye dirisha la mwenzake, yaani kiwango cha nguvu tunachomhesabia. Baadaye twaiondoa kwa hesabu.

Na chombo chenyewe? Wengi hudhani ni kitu cha ajabu. Ni sanduku. Ndani yake mna fuwele za iodidi ya sodiamu, kila moja mche wa sentimita 10 kwa 10 kwa 40 hivi, nne nne kwa sanduku, jumla karibu lita 17. Mwali ukiingia kwenye fuwele hutoa kimweko cha nuru. Mrija ulio mwishoni mwa fuwele hukigeuza kuwa umeme, na mwali wenye nguvu zaidi hutoa kimweko kikali zaidi. Kompyuta hupanga vimweko hivyo kwa ngazi, mamia ya ngazi, kila sekunde.

Fuwele hizi ni jamaa wa chumvi, na kama mjuavyo chumvi yetu ya jikoni inavyoloa siku za unyevu, nazo hupenda maji. Hewa ya Mombasa ni adui yao. Zikipata upenyo mdogo tu wa unyevu hugeuka manjano, nuru ikafifia ndani, ngazi zikakosa mpangilio. Ndiyo maana hufungwa kwenye chuma bila pengo. Tena hazitaki kushtuliwa kwa joto: zitoe kwenye chumba cha baridi uziweke ghafla kwenye jua la saa nane, zitapasuka, na hapo hakuna fundi. Nimewaona marubani wakilifunika sanduku kwa blanketi mchana wa jua kali, na wapita njia wakicheka. Wacheke tu.

Sasa twende safari moja, tuanzie baharini mkabala wa Nyali, tuelekee bara kwa kufuata barabara ya Nairobi, mita 80 juu ya ardhi, mita 60 kila sekunde.

Juu ya bahari hesabu yashuka karibu na chini kabisa. Maji huzuia miali ya chini yote. Kinachobaki ni miali ya Hess, mionzi ya ndege yenyewe, na radoni iliyomo hewani, gesi ya ukoo wa uraniamu. Kwa wengine bahari ni mapumziko. Kwetu ni mizani. Yatuambia ni kiasi gani si cha mawe, tupate kukitoa. Nchi zisizo na pwani hutafuta ziwa kwa ajili ya kazi hii. Sisi tuna bahari nzima.

Twaingia kisiwani. Hapa ni mawe ya matumbawe, yale yale yaliyojenga Fort Jesus tangu 1593 na nyumba za Mji wa Kale. Jiwe la matumbawe ni chokaa tupu ya viumbe wa bahari, lina potasiamu kidogo sana na thoriamu kidogo sana. Kipimo chainuka kidogo, basi. Mikoko ya Tudor na matope yake yaliyolowa huzima hata hicho kidogo. Twavuka kuelekea Changamwe, na hapo chini yetu ni matope ya zama za Jura yaliyogandamana yakawa mawe. Udongo wa mfinyanzi hushika potasiamu na thoriamu, basi mistari yote miwili ya kipimo yapanda mara moja. Mwanafunzi yeyote hapa angeweza kuuchora mpaka huo kwa kalamu bila kushuka ndegeni.

Mbele yetu Mazeras, Mariakani, Maji ya Chumvi, Taru. Ni mawe ya mchanga kwa sehemu kubwa, na hapo ndipo kazi yanoga. Mchanga mtupu wa kwatzi haunong'oni kitu. Mchanga wenye chembe za feldispa, madini ya kawaida ya mawe, ni habari nyingine, kwa sababu feldispa ina potasiamu. Mawe mawili ambayo kwa macho mkulima angeyaita mamoja, kipimo chayatenganisha. Tukifika Voi na Taita twaingia kwenye miamba ya kale iliyopikwa chini ya ardhi, sehemu ya ukanda ambao mjiolojia Mwingereza Arthur Holmes aliupa jina la Msumbiji mwaka 1951. Huyu Holmes alikuwa kijana wa miaka 21 alipokwenda Msumbiji kutafuta madini mwaka 1911. Madini hakuyapata ila malaria aliipata. Mwaka huo huo alitoa hesabu zake za kutumia uraniamu na risasi kujua umri wa miamba. Mionzi ile ile.

Hesabu ghafi peke yake haina maana. Ndege ikipanda kutoka mita 60 hadi 120, zaidi ya theluthi moja ya miali imepotea hewani. Basi kila sekunde twapima umbali wa ardhi na kurekebisha. Mvua nayo hutuchezea mara mbili. Ikinyesha, husafisha hewani watoto wa radoni na kuwashusha ardhini, uraniamu ikaonekana imepanda ghafla hali haijapanda. Twasubiri muda wa saa tatu hivi mpaka waishe. Halafu udongo uliolowa huzuia miali ya chini. Ndiyo sababu mtu mwenye akili harushi ndege hizi wakati wa masika. Kaskazi ikivuma na ardhi ikikauka, ndipo. Hata hapo twapenda kungoja asubuhi itakate, kwa sababu alfajiri isiyo na upepo radoni hulala mabondeni.

Kuna jambo moja nataka mlishike hata mkisahau mengine. Miali ya gama ya mawe haitoki mbali. Karibu yote inayofika kwenye ndege yatoka kwenye sentimita 30 hadi 40 za juu za ardhi. Urefu wa jembe na mpini kidogo. Kilicho mita mbili chini, kiwe dhahabu, kiwe uraniamu, kiwe mafuta, ndege hii haikioni. Tena kila kipimo ni wastani wa eneo la mita mia kadhaa kwa upana, kwa hivyo shamba la mtu mmoja halionekani. Na uraniamu ndiyo dhaifu kuliko zote. Ikiwa kwenye sekunde moja umehesabu miali 25 katika dirisha lake, bahati peke yake yaweza kuitikisa hesabu hiyo kwa miali 5 hivi juu au chini. Tena hatuipimi uraniamu yenyewe. Twampima bismuthi, aliye mbali kule chini kwenye ukoo, baada ya radoni ambayo ni gesi na huondoka itakapo. Maji ya chini ya ardhi huweza kubeba radiamu, mzazi wa radoni, na kuiacha mahali pengine. Ramani ikapaka uraniamu pale, ukachimba, hakuna.

Sasa mwaona tabu yangu na madalali. Ramani hizi hupakwa rangi: nyekundu kwa potasiamu, kijani kwa thoriamu, buluu kwa uraniamu. Palipo na vyote ni peupe, pasipo na chochote ni peusi. Dalali akiona doa jekundu asema "mali", akaenda kwa mzee kununua ekari kumi. Doa jekundu aghalabu ni feldispa. Mawe ya kujengea barabara.

Lakini nilisema ukweli nusu, na nusu yake iko Kwale. Kilima cha Mrima, kule upande wa Lunga Lunga, ni mwamba wa nadra uitwao kabonatiti: chokaa iliyopanda kutoka chini ya ardhi ikiwa uji wa moto, zama za dinosau. Jombo, jirani yake, ni wa ukoo huo huo. Ndani ya kabonatiti ya Mrima mna metali iitwayo niobiamu, mna lile kundi la madini liitwalo adimu, na mna thoriamu. Halafu mvua ikafanya kazi yake kwa mamilioni ya miaka. Chokaa huyeyuka ikaenda na maji. Thoriamu na niobiamu haziyeyuki, zikabaki, zikarundikana kwenye udongo mwekundu wa juu. Yaani hali ya hewa yetu ndiyo iliyozileta kwenye zile sentimita 40 ambazo ndege yaweza kuzisoma. Mahali pa namna hii kipimo hakihitaji ushawishi. Mstari wa thoriamu huruka juu, mstari wa potasiamu ukabaki chini, na mjuzi hujua mara moja kwamba hapa si mfinyanzi wala si itale.

Mrima pia ni kaya, msitu mtakatifu. Wadigo waliuhifadhi msitu ule kabla hakujatokea fuwele ya iodidi popote duniani. Mimi ni mtu wa vipimo, na maoni yangu ni haya: kipimo chaeleza kilichomo, hakiamui kitakachofanywa. Mtu akisema "sayansi imeonyesha madini, basi tuchimbe", amerukia hatua ambayo sayansi haikuichukua.

Kusini mwa Mombasa pana mfano mwingine, mpole zaidi. Mchanga mzito wa Kwale, ule uliokuwa ukisafirishwa kupitia Likoni hadi machimbo yakafunga kazi mwishoni mwa 2024, una ilmenaiti na rutile, ambayo ni madini ya titani, na una zikoni. Titani yenyewe haina mionzi. Lakini zikoni hubeba uraniamu na thoriamu kidogo ndani yake, kwa hivyo mchanga ulioizidisha huonekana kutoka angani. Kwa mtafutaji, mionzi ni njia ya kufikia kitu kingine kabisa.

Serikali ya Kenya imepima sehemu kubwa ya nchi kwa ndege miaka ya karibuni. Tanzania ilifanya hivyo mwishoni mwa miaka ya 1970. Habari zilizotangazwa kwetu zilikuwa za madini, madini, madini, na nasikitika, kwa sababu kuna matumizi ambayo hayaleti fedha na hayatangazwi. Januari 1978 setilaiti ya Kisovieti, Cosmos 954, yenye kinu kidogo cha nyuklia ndani yake, ilianguka kaskazini-magharibi mwa Kanada. Vipimo hivi hivi vya kutafutia madini vilipakiwa ndege vikatafuta mabaki juu ya barafu, vikiyatenga na mawe ya asili kwa nguvu za miali. Mwaka 1986, baada ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl kulipuka, Uswidi ilirusha ndege zake za kijiolojia na kwa muda mfupi ikachora mahali mvua ilipoangusha sezi-137, kitu cha mionzi kilichotoka kinuni. Iliweza kwa sababu ilikuwa na mazoea ya kupima kabla ya msiba.

Hapa jirani, Uyombo kule Kilifi, kulipendekezwa kinu cha nyuklia na wakaazi wakapinga. Sikuja kuwaambia muwe upande gani. Nawaambia tu kwamba awe anakitaka au hakitaki, mkaazi wa Kilifi astahili kuwa na ramani ya mionzi ya asili ya mahali pake kabla jiwe la kwanza halijawekwa, ikae mikononi mwa kaunti, si kwenye kabati la mwekezaji. Bila hiyo, siku ya ugomvi kila upande utakuja na namba zake. Kaunti zetu ziombe ramani, na ziombe pia data zenyewe, kila sekunde na mahali pake, kwa sababu ramani yenye rangi yaweza kupakwa upendavyo.

Kabla hatujaingia, mzee mmoja kutoka upande wa Mrima ameniuliza swali, naye ameniruhusu nilijibu mbele yenu. Nyumba yake imekandikwa kwa udongo wa kilimani. Je, aibomoe?

La, mzee wangu. Usibomoe nyumba kwa sababu ya ramani ya ndege. Kwa wastani wa dunia mtu hupata milisivati (kipimo cha mionzi impatayo mtu) 2.4 za mionzi ya asili kwa mwaka, na karibu nusu yake ni radoni avutayo ndani ya nyumba. Kwenye udongo wa thoriamu kuna pia binamu wa radoni, gesi ya thoroni, ambayo hupungua nusu kwa chini ya dakika moja. Kwa sababu yaisha upesi hivyo, ile inayokufikia yatoka kwenye uso wa ukuta tu, na lipu nzuri hupunguza sehemu kubwa. Radoni yadumu zaidi, karibu siku nne kufikia nusu, kwa hivyo dawa yake ni hewa: madirisha mawili yanayotazamana, yafunguliwe, hata wakati wa kusi. Kisha kipimwe chumba chenyewe. Kuna vipimo vidogo visivyotumia umeme, huwekwa chumbani miezi mitatu, kisha vikasomwa maabara. Hapo ndipo utakuwa na namba ya nyumba yako, si ya kilima kizima. Na mwanao akija kujenga, achukue udongo mbali na kilima, na kabla ya kuukanda aupeleke ukapimwe.

Haya, nani ana swali la pili?